Mimba ya Somoe

Mabinti, mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na saba, nina mtoto anayenyonya, mvi hata moja sijaiona, na nimestaafu. Wengine hustaafishwa na umri, wengine na maradhi. Mimi nilistaafishwa na tumbo. Kwa hiyo nina haki ya kukaa kama wastaafu wanavyokaa, nikawasimulia kazi yangu kwa karatasi hii. Na nyinyi mnaoshuka hapa Guangzhou na mabegi matupu mkitafuta "kazi yoyote, dada," mtasikiliza, maana kuuliza mnajua, kusikiliza hamjui.

Kazi yangu ilikuwa kutunza vicheche.

Haya, chekeni sasa, mmalize. Najua neno hilo kwetu limegeuzwa nini. Mwanamke akisimama na mwanamume mbele ya duka, kicheche. Akichelewa kurudi, kicheche. Mnyama wa watu hana kosa lolote, amebebeshwa tabia za wanaomtukana. Bibi yangu kule Tanga alimjua kicheche mwenyewe: mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayekuja bandani kwa kuku, na ukimkaribia vibaya anakupulizia uvundo ambao utaulizwa habari zake wiki nzima.

Wale niliowatunza mimi walitoka Marekani. Mistari yao imekatikakatika mpaka imekuwa madoa, na jingine jeupe liko kwenye paji la uso. Kiingereza wanawaita skanki. Deusi, kijana wa Bukoba anayesomea mifugo katika chuo kimoja hapa, aliniambia si ndugu wa damu na vicheche wa kwetu, wamefanana tu kwa rangi na kwa ubishi. Lakini siku kreti lilipofunguliwa nilisema, "Kumbe vicheche!" Na jina likabaki. Nikalipeleka mwenyewe mpaka mgahawani kwa Bi Fatuma, mtaa wa Dengfeng, mbele ya wafanyabiashara wa kwetu wote wakila wali. Kuanzia hapo nikawa Hawa wa Vicheche. Aliyeniita hivyo mara ya kwanza alitania. Wa kumi hakuwa anatania.

Nilipataje kazi hiyo? Nilikuwa nawatafsiria bei akina mama wa Dar kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Laoban mmoja muuza mapazia (laoban ndiyo bosi, neno la kwanza mtakalolijua hapa, la pili ni meiyou, hakuna) alikuwa na bustani ya wanyama pembezoni mwa jiji. Tausi, nyani wawili, mamba mzee asiyefungua macho. Alikuwa ameona picha ya skanki amesimama kwa miguu ya mbele, ya nyuma iko juu kama mcheza sarakasi, akaagiza dume na jike ili watoto waje waone. Karatasi zilizokuja na kreti zilikuwa za Kiingereza. Akaniita nizisome. Nikasoma, nikabaki.

Nianze na makosa, maana mlichokijia ni hicho.

Laoban aliambiwa na muuzaji kwamba wanyama wale wametolewa vifuko vya harufu. Hakuna aliyewatoa kitu. Siku ya ufunguzi akaalika wateja wake na watoto wao, akamwambia yule jike, "Simama! Simama!" huku akipiga makofi. Jike akaanza kupigapiga chini kwa miguu ya mbele, ta-ta-ta, kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Hilo ni onyo la kwanza. Watu wakacheka. Akainuka kwa miguu ya mbele, mkia umetawanyika kama brashi ya chupa, macho yanawatazama wote. Onyo la pili. Watu wakapiga makofi wakasogea. Mimi nikaruka kumvuta mtoto aliyekuwa mbele, na la tatu, ambalo si onyo tena, likanikuta mimi.

Kwenye basi abiria walifungua madirisha yote, na ilikuwa baridi. Nilipofika chumbani kwangu Dengfeng nikafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Tanga angefanya: nikawasha chetezo, nikatia udi wangu wa harusi, nikatandaza nguo juu ya tenga zifukizwe. Wapenzi wangu, uvundo haukuondoka. Ulivaa udi. Bi Fatuma akapanda ngazi amejifunga kanga puani.

"Hawa, leo kuna harusi ya nani humu? Ya fisi?"

Basi andikeni vichwani mwenu: udi hapana, marashi hapana, siki hapana. Deusi ndiye aliyeniponya. Chukua ile dawa ya vidonda inayotoa povu, utie magadi ya kuokea na sabuni kidogo ya maji, ujipake palepale, usubiri, usuuze. Usikaribie macho. Na usiifungie ndani ya chupa, itapasuka. Hata hivyo nywele hazisahau. Kila mwaka hapa kuna majuma ya mwanzo wa machipuko ambapo kuta zinatoka jasho na sakafu inateleza kama umemwaga uji. Unyevu ule unauamsha uvundo uliolala. Unadhani umeshamaliza, kumbe ulikuwa unasubiri mvua.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Apo. Apo ni bibi kwa Kikantoni, na hakuna aliyemwita jina jingine. Alikuwa mfagiaji wa vizimba, mwembamba, meno machache, Kimandarini chake kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana. Alinionyesha kuingia kizimbani kwa ubavu, umeinama, unaongea polepole. Macho ya vicheche wale ni dhaifu, pua ndiyo inayowajulisha nani kaja. "Koti moja," aliniambia, akanishika bega. "Kila siku koti hilo hilo. Usilifue kwa sabuni ya maua." Nikanunua koti kubwa la kiume la bluu, nikawa nalivaa kila siku mpaka likanuka mimi.

Mwanzoni tuliwaweka mahali safi, peupe, pamefagiliwa. Wakagoma kula. Walijikunja pembeni siku nzima na usiku kucha. Apo akanuna, akaenda akarudi na mzigo wa matawi makavu na mianzi, akautupa wote ndani kama mtu anayemwaga taka. Kesho yake chakula kilikwisha. Deusi aliponieleza nikaelewa: kwao huishi penye vichaka na mawe, kwa sababu adui yao mkubwa ni bundi. Bundi hajali uvundo. Anashuka kimya, na mahali peupe hakuna pa kujificha. Sisi tulidhani tumewapa usafi, kumbe tumewaweka mezani kwa bundi.

Yule jike nilimwita Somoe. Kwetu somo ni rafiki wa siri, yule anayekufunza mambo ya utu uzima. Mwenye kutafsiri maana atafsiri. Mzito kuliko paka mchanga hakuwa. Alipanda matawi kichwa juu na kuteremka kichwa chini kama kindi. Alikula mende (na mende wa Guangzhou wanaruka, mtawaona), panya wadogo, nyenje, matunda yaliyoanguka. Yai lilikuwa kubwa kwa mdomo wake, basi alilivuta chini ya tumbo, akalipiga teke kwa mguu wa nyuma mpaka likagonga ukuta. Likikataa, analifuata analipiga tena. Apo alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Mimi naye tulikuwa tunashangilia kama tuko uwanjani.

Vuli ile dume likampanda. Si jambo la kupendeza kutazama: alimng'ata shingoni, akamburuta, kelele tupu. Ilipokwisha Somoe akamfukuza mpaka juu ya tawi, na tangu siku hiyo hakutaka kumwona. Baridi ilipoingia dume likaharisha likafa. Laoban akasimama mbele ya kizimba mikono nyuma.

"Muuzaji kasema miezi miwili anazaa," akaniambia. "Ha-wa, wewe utahesabu."

Miezi miwili ikapita. Tumbo la Somoe, meiyou. Mwaka mpya wao ukaja ukaenda na fataki zake. Meiyou. Laoban akaanza kusema maneno yake ya dukani: kitambaa kisichouzika kinakula nafasi. Alikuwa na mtu wake anayepeleka wanyama wa porini kwenye soko la migahawa. Mnajua watu wa hapa, wanasema wenyewe kwa kujisifu kwamba wanakula chochote kinachotembea isipokuwa meza. Somoe angeingia kwenye kikapu cha waya katikati ya nyoka na bata, na hakuna ambaye angejua jina lake.

Nikamfuata Deusi. "Mdogo wangu, kuna mnyama anayeshika mimba vuli asionekane mpaka sasa?"

Akarudi Jumapili na jibu la vitabu. "Dada Hawa, wako wa aina mbili, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wa mashariki mwa Marekani wanapandana machipuko na kuzaa baada ya kama miezi miwili. Muuzaji alisema hao. Wa magharibi wanapandana vuli. Mimba inaanza, halafu inasimama. Kile kiini kinaelea tu ndani ya mji wa mimba, hakijishiki ukutani, kinangoja. Siku zikirefuka ndipo kinajishika kinakua. Wanazaa wote wakati mmoja, karibu mwezi wa tano, chakula kikiwa tele."

"Na wangu ni wa wapi?"

"Amepandwa vuli, dada. Mimi naweka matumaini huko. Lakini siapi."

Nikamweleza laoban kwa Kimandarini changu cha vitambaa: mimba yake iko, imelala. Akanitazama kama nimemwambia mapazia yatajishona yenyewe. Lakini langoni kwake kulikuwa na msufi wa maua mekundu, ule ambao jiji hili linajivunia, na ulikuwa umeanza kuchanua. Akaunyooshea kidole. "Maua yakianguka yote, anaondoka."

Sasa fikirieni. Msufi unamwaga maua yake mwezi wa nne. Somoe, kama vitabu vya Deusi vilisema kweli, angezaa mwezi wa tano.

Nami wakati huo nilikuwa mjamzito. Mume wangu Idrisa aliondoka baada ya maonyesho ya biashara ya vuli kufuata kontena Dar, kontena likakwama bandarini, naye akakwama nalo. Mimba aliiacha yeye. Kule Dengfeng walihesabu miezi kwa vidole mbele ya uso wangu, kama wanahesabu marobota. Nilikuwa nikisikia "na vicheche wake" na vicheko. Nyinyi mliohesabu mnajijua, na kama karatasi hii imewafikia, someni: sikuwaonyesha hesabu wakati ule na siwaonyeshi leo. Mwenye mtoto anamjua, na anambeba mgongoni sokoni huku akipiga mluzi.

Bustanini ndiyo nilidhani hakuna aliyejua, kwa sababu ya lile koti. Na sikutaka wajue. Kabla yangu kulikuwa na binti wa kulisha tausi. Tumbo lake lilipoonekana, kesho yake hakuwepo.

Kila asubuhi nikifika nilitazama juu ya msufi kwanza. Yale maua hayanyauki, yanadondoka mazima, pu! kama kikombe kimeanguka. Apo alikuwa anayaokota na kuyaanika juu ya paa, wanayachemshia chai ya kutuliza joto la mwili. Paa likawa jekundu, mti ukawa mtupu. Somoe alikuwa anakula kuliko zamani, na amevuta majani yote ndani ya gogo lake, lakini tumbo lilikuwa la mtu aliyeshiba tu. Nikimwuliza, "Somo yangu, umo au humo?" ananusa vidole vyangu, anaenda zake.

Gari likaja asubuhi moja, limejaa vikapu. Kizimba cha Somoe kilikuwa kimepigiliwa misumari ukutani, basi laoban, asiyethubutu kumshika mnyama kwa mkono, akaja mwenyewe na koleo na nyundo aking'oe kizima. Apo akasimama mbele yake na ufagio.

"Hakihamishwi."

"Apo, toka."

"Hapapigiliwi msumari hapa wala haung'olewi. Kuna mwenye mimba."

"Mimba gani! Mnyama tasa huyu!"

"Simsemi mnyama."

Hapa lazima niwaeleze. Watu wa huku, hasa wazee, wanaamini kwamba mwanamke akiwa na mimba kuna roho ya yule mtoto inayokaa nje yake, ndani ya vitu anavyoishi navyo. Mwezi huu iko mlangoni, mwezi ujao jikoni, mwingine kitandani. Ndiyo maana nyumba yenye mjamzito hapapigwi nyundo, hapahamishwi kabati, hapatobolewi ukuta. Ukiigonga roho ile, mtoto anaumia, na baa linamrudia aliyegonga. Mimi Mwislamu, roho za kukaa kwenye vizimba sizijui. Lakini nani kati yenu hajaambiwa na bibi yake asikae mlangoni akiwa na mimba?

Laoban alizijua. Mtu ambaye hafungui duka mpaka aangalie siku kwenye kalenda nyekundu. Nyundo ikashuka kidogo.

"Nani ana mimba?"

Apo hakunitaja. Hilo ndilo ninalompendea mpaka leo. Alinitazama mara moja, halafu akageuka akaanza kufagia mahali ambapo palishafagiliwa. Aliniachia mwenyewe. Nikinyamaza, kazi ninayo, na Somoe anaingia kikapuni. Nikisema, Somoe anabaki, na mimi nimekwisha. Mume yuko Dar na kontena lake, sina mwingine wa kunilisha. Dereva akapiga honi.

Nikafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka chini.

"Mimi," nikasema. "Na huo msumari usiuguse."

Dereva alicheka. Laoban hakucheka. Alilitazama tumbo langu, akatazama kizimba, akaweka nyundo chini taratibu kabisa, kama yai.

"Kinabaki hapo mpaka uzae," akasema. "Lakini mwenye mimba hafanyi kazi na wanyama. Leo ndiyo mwisho."

"Nani atamlisha?"

"Apo."

"Na mayai?"

"Na mayai! Nenda, Ha-wa!"

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Na hasira ninayo, sijaimaliza, naandika hivi mtoto ananing'ata ziwa. Mwanamke mwenye mimba anatakiwa avae glavu, asiguse kinyesi cha wanyama, apewe mwenzake wa kumsaidia. Deusi aliniambia hivyo na ni kweli, na nyinyi mkipata kazi kama hii mdai hivyo. Tahadhari ni glavu. Kufukuza si tahadhari. Mlango aliotokea laoban duniani ni ule ule alionifungia.

Kabla ya kutoka nilichutama kizimbani. Somoe akatoka kwenye gogo, akanusa koti, kisha akanusa tumbo, mara ya kwanza bila koti kulifunika. Akapiga chafya. Nikamwambia, "Haraka usifanye. Lakini usinitie aibu."

Nikakaa chumbani Dengfeng. Kuta zikatoka jasho, nywele zangu zikanuka. Nilijua laoban anaweza kubadili nia siku yoyote, na sikuwa na njia ya kujua, maana langoni sikuruhusiwa na Apo hakuwa na simu. Idrisa alipiga kwenye kibanda cha simu cha chini, akaniuliza ninataka aniletee nini. Nikamwambia, "Niletee habari za bustani." Akadhani ni ujauzito unasema.

Lichi za mwanzo zikaingia sokoni, hizi shokishoki za huku zisizo na nywele. Asubuhi hiyo nikasikia kelele ngazini, na sauti ya Bi Fatuma juu ya zote: "Kazaa! Hawa kazaa! Mbona hatukusikia kelele?"

Nikafungua mlango. Apo amesimama, amebeba chungu cha udongo kwa mikono miwili, kimefungwa kitambaa chekundu, na nyuma yake nusu ya mtaa. Hapa mtoto akizaliwa, nyumba ile inapika mayai ndani ya siki nyeusi ya sukari na tangawizi nyingi, inagawa kwa majirani. Ukipelekewa mayai yale hakuna haja ya kuambiwa. Kwa kawaida wanatia miguu ya nguruwe. Apo akafunua kitambaa, akanionyesha kwa mwiko mpaka chini kabisa: mayai, tangawizi, basi. Alinikumbuka.

Bi Fatuma akanitazama tumbo, bado liko. "Sasa kazaa nani?"

Apo akainua vidole vinne.

"Wanne! Ya Rabi! Nani huyo?"

"Somoe," nikasema. "Rafiki yangu. Bi Fatuma, kula yai."

Akala. Wote wakala, wamesimama ngazini, siki inawatiririka mpaka viwikoni, na hakuna aliyeuliza tena. Apo akakaa kitandani kwangu, akasimulia kwa mikono zaidi kuliko maneno. Alisikia vilio vyembamba ndani ya gogo, hakugusa kitu, aliondoka kimya, akamzuia hata laoban asichungulie. Leo Somoe alipotoka kunywa maji ndipo akatazama kwa haraka. Wadogo kama kidole gumba, vipofu, bado hawana manyoya.

"Hawana manyoya?" nikauliza. "Basi na madoa hawana?"

Apo akatikisa kichwa. Akachovya kidole ndani ya siki nyeusi, akakishika kiganja changu, akakifungua. Akachora mstari mwembamba, akaukata. Mwingine, akaukata. Kisha doa. Yamo tayari kwenye ngozi, alitaka kusema, kabla ya manyoya, kabla ya macho, kabla ya mtu yeyote kuwaona.

Nilikaa na kiganja wazi mpaka siki ikakauka.